"Sili Nyama": Maana Zake Uluguruni

Mwanafunzi wa Uluguru akisema, "Sili nyama hii," sisi walimu hudhani ametueleza, kumbe bado. Labda ashika mwiko aliourithi kwa wazee wake. Labda ni mwiko wa dawa, nao hukoma mgonjwa apatapo nafuu, lakini ule wa wazee haukomi. Mwislamu hali nguruwe kwa kuwa ni haramu, neno lisilo dogo kule Mgeta wanakofugwa nguruwe. Mkatoliki naye hujinyima nyama siku ya Ijumaa kwa sababu ni njema. Hakuna ajinyimaye kibaya. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilimshika mtoto aliyetimiza miaka 7. Tangu 1966 humshika aliyetimiza miaka 14.

Mwaka mmoja tulimlazimisha mtoto ale nyama ya mbuzi, tukidhani ana kiburi. Akatii, kisha akatapika. Tukamwuliza mama yake: Je, ni mwiko wa ukoo? La. Ni dawa? La. Akatujibu kwamba mbuzi yule mtoto alimlea mwenyewe, akimchumia majani kila jioni. Mtoto mwenyewe hatukuwa tumemwuliza.