Mlinzi na Mtoto: Kutetea au Kulipiza Kisasi?



Jioni moja ya mapumziko tulitazama Man on Fire, filamu ya mwaka 2004 iliyoongozwa na Tony Scott. Denzel Washington anaigiza kama Creasy, mlevi aliyekata tamaa hata akajaribu kujiua. Anaajiriwa jijini Mexico City kumlinda mtoto, Pita. Mtoto huyo anamrudishia hamu ya kuishi, na anampa medali ya Mtakatifu Yuda Tadei, msimamizi wa waliokata tamaa.

Watekaji wanapomvamia Pita, Creasy anapambana nao mpaka anaanguka kwa risasi. Je, ametenda dhambi? Hapana. Katekisimu (na. 2265) inafundisha kwamba kwa aliyekabidhiwa maisha ya wengine, kuyatetea ni wajibu mzito. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaeleza sababu: anayejitetea anakusudia kuokoa uhai, wala nguvu anayotumia isizidi hitaji.

Baadaye, akiamini Pita ameuawa, Creasy anawasaka wahusika, anawatesa na kuwaua. Sasa hakuna uhai anaokusudia kuuokoa. Nia imebadilika, na tendo nalo limebadilika: ni kisasi (na. 2302). Lakini tukiri, hapo ndipo ukumbi wetu ulipopiga makofi. Makofi yale ni ndugu wa kelele za umati unaomchoma mwizi mtaani. Wote husema amestahili. Hakuna anayeuliza tunaokoa nini.

Mtu atasema: si msako ule ndio uliofichua kwamba Pita yu hai? Ni kweli. Hata hivyo, matokeo mema hayahalalishi njia mbaya (na. 1753). Mungu anaweza kutoa jema katika ubaya wetu, lakini ubaya haugeuki kuwa wema.

Mwishoni Creasy anajitoa mwenyewe mikononi mwa watekaji ili mtoto aachiliwe, naye anakufa. Hapo amerudi kuwa mlinzi.

Kuna tukio dogo tusilisahau. Mtawa wa shule ya Pita anamkumbusha Creasy fundisho la kuushinda ubaya kwa wema, naye papo hapo anataja mahali lilipo: Warumi 12:21. Sura na aya aliijua. Kuiishi kulimgharimu maisha yake. Sisi tunaosoma Maandiko kila siku, na ninyi mnaoyasikia kila Dominika, tujiulize: tukikosewa, tunaijua aya tu, au tunaiishi?