Kupasua Maji kwa Nuru ya Jua: Suala la Istilahi

Istilahi ya kisayansi haina budi kupimwa kwa watu itakaowafikia. Ewuaso Kedong, katika Bonde la Ufa, Kaunti ya Kajiado nchini Kenya, ni mahali pafaapo kwa kipimo hicho. Neno la kwanza la jina hilo ni la Kimaasai, na maana yake ni mto. Lakini nchi yenyewe ni kame na jua lake ni kali. Msikilizaji wa huko akiambiwa kwamba wataalamu "wanagawa maji kwa jua", atadhani habari ni ya mgao wa mitungi.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walionyesha kwamba elektrodi ya dioksidi ya titani, ikimulikwa ndani ya maji, husaidia kuyapasua yakawa haidrojeni na oksijeni. Nuru ikipiga nusukipitishi hicho, elektroni hung'oka na kuacha tundu. Elektroni huzalisha haidrojeni, na tundu huzalisha oksijeni.

Hata hivyo, kuna vizuizi viwili. Kwanza, dioksidi ya titani hufyonza miali ya urujuanimno tu, ambayo ni takriban asilimia 5 ya nishati ya jua. Pili, elektroni na tundu hutafutana kama ndama na mamaye. Vikikutana kabla ya kufika kwenye uso wa chembe, nguvu yote hupotea kuwa joto. Kwa hiyo chembe hupunguzwa hadi vipimo vya nanomita, yaani sehemu za bilioni moja za mita, ili safari iwe fupi na uso ugusao maji uwe mpana. Lakini udogo peke yake hautoshi, kwani kasoro za fuwele nazo huvikutanisha viwili hivyo. Mwaka 2020 kundi la Kazunari Domen lilitumia titanati ya strontiamu iliyotiwa alumini, likafikia ufanisi wa asilimia 96 kwa miali ya urujuanimno. Mwaka 2021 mitambo ya mita za mraba 100, iliyowekwa juani, iligeuza asilimia 0.76 tu ya nishati ya jua kuwa haidrojeni.

Tukirudi kwenye lugha, kitenzi "tenganisha" hakifai: hutenganishwa mchele na chuya, ambavyo ni mchanganyiko, ilhali maji ni kampaundi. "Pasua" chaeleza kwamba kiungo kimevunjwa kwa nguvu. "Kichocheo" nalo ni jina jema, maana kichocheacho moto si kuni. Ila "kichocheo cha nuru" chaweza kueleweka kuwa ni kitu kinachoichochea nuru. Kwa kufuata "usanisinuru", ambamo nuru ni nyenzo wala si kitendwa, "kichocheonuru" huondoa utata huo.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Kilo 9 za maji hutoa kilo 1 ya haidrojeni na 8 za oksijeni, na maji hayo hayarudi mpaka haidrojeni ichomwe. Kazi hii hutoa nishati, haitoi maji ya kunywa. Penye uhaba wa maji, istilahi inayoficha ukweli huo ingewaahidi watu kisima mahali ambapo kinachotakiwa ni maji yao wenyewe.