Sarafu za Kale za Kiislamu: Je, ni Rikazi au ni Lukta?

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Hapa Magoma tumeulizwa na baadhi ya vijana wetu wanaofanya kazi mwambao: mtu akifukua sarafu ya kale yenye jina la sultani wa Kiislamu, je, atoe humusi (moja ya tano), kisha iliyobaki aiuze kwa wakusanyaji?

Kwanza tuzijue sarafu zenyewe. Masultani wa Kilwa walichapa sarafu zao, nyingi zikiwa za shaba. Upande mmoja lipo jina la sultani, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Allah yenye vina na jina hilo. Mwaka haukuandikwa. Kwa hiyo wataalamu walimweka Sultani Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zikapatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zikiwemo zenye jina lake, pamoja na dinari chache za Mafatimi wa Misri zilizoandikwa miaka. Dinari hizo zikaonesha kuwa alitawala karne ya 11. Lau sarafu zile zingeuzwa mojamoja, elimu hiyo ingepotea.

Ama hukumu, katika madhehebu ya Imam Shafii rikazi ni dhahabu au fedha iliyozikwa zama za Jahiliya. Hiyo ndiyo yenye humusi. Ikiwa na alama ya Uislamu, kama aya au jina la mfalme Mwislamu, basi si rikazi. Mwenyewe akijulikana atarudishiwa; asipojulikana ni lukta, yaani mali iliyookotwa, na hutangazwa mwaka mzima. Wapo wanazuoni waliosema ni mali iliyopotea, ihifadhiwe na kiongozi kwa niaba ya mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kutoa humusi hakumhalalishii mtu sarafu ya Kilwa. Na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa upande wa Tanzania Bara, inamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa. Kutii hapo hakupingani na fiqhi. Bali kutoa taarifa ni katika kutangaza. Basi aliyeokota aiache mahali pake, awaite wahusika. Amana ni amana, ijapokuwa aliyeizika amekufa miaka 900 iliyopita.

Wallahu aalam.