Kabla Hujafuga Mbwa, Jiulize Maswali Manne

Mahindi na mihogo inapokaribia kukomaa katika mashamba ya Nachingwea na Ruangwa, nguruwe pori na nyani nao huwa wameshajiandaa. Mkulima hukesha kwenye dungu, na usiku mmoja wa usingizi hutosha kumpotezea jasho la msimu mzima. Hapo ndipo Waislamu wengi huuliza: je, nifuge mbwa? Kabla hujapokea mtoto wa mbwa kwa jirani, jiulize maswali haya manne.

1. Je, unayo haja ya kweli?

Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w) ameruhusu mbwa wa kuwindia, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Anayefuga bila haja kama hizo hupungukiwa na thawabu kila siku. Kwa hiyo nguruwe wanaomaliza mihogo yako ni haja. Kutaka sifa mtaani, au kumridhisha mtoto aliyeona mbwa kwenye televisheni, si haja. Wanazuoni wengi wamepima kwa kipimo hicho pia ulinzi wa nyumba pale penye hofu ya wezi. Na anayekusudia kuwinda akumbuke kuwa sheria ya nchi inataka kibali.

2. Je, atakaa wapi?

Mbwa wa kazi makao yake ni nje. Mjengee kibanda mbali na mlango, kisima, jiko na mahali pa kuswalia. Mpe chombo chake kisichochanganywa na vya nyumbani.

Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu Kusini tunayafuata, mbwa ni najisi nzito. Chombo alicholamba, au nguo iliyopata mate yake, huoshwa mara 7, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Wafuasi wa Imam Malik wana kauli nyepesi zaidi. Lakini wengi hujisumbua pasipo sababu: mbwa mkavu akikugusa nawe u mkavu, hakuna najisi iliyohama. Na kumgusa hakuvunji udhu. Penye unyevu ndipo panapooshwa. Ikiwa nyumbani hamtaweza kuyashika haya kila siku, basi hamjawa tayari.

3. Je, utaweza kumtunza?

Tumefundishwa habari za mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Basi kumfunga mchana kutwa bila maji na kumwacha ajitafutie jalalani usiku ni dhulma, tena ni hatari. Mbwa jike hubeba mimba kwa miezi 2 tu. Fikiria mapema watoto wake watakwenda wapi.

Usimpe matumbo, maini au mapafu mabichi wakati wa kuchinja, hasa Idd el Hajj. Yenye malengelenge ya maji yana tegu. Mbwa akiyala, mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake na kuwafikia watoto kwa mikono michafu. Yachome moto au yafukie kwenye shimo refu.

Kubwa zaidi ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Kati ya 2010 na 2015 mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa ndani ya mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kutokomeza ugonjwa huu, uliogusa wilaya 28 pamoja na Pemba. Uchunguzi uliofanyika Lindi na Mtwara kati ya 2011 na 2019 ulionesha kuwa zaidi ya asilimia 40 ya wanyama waliodhaniwa kuwa na kichaa walikuwa bweha. Maana yake ni kwamba mbwa wa shambani anayelala kando ya pori anaweza kung'atwa usiku nawe usijue. Muulize ofisa mifugo wa kata yako siku ya chanjo, na uitunze kadi.

4. Je, watu wa nyumbani wanajua la kufanya?

Virusi vya kichaa vimo katika mate. Mtu anaweza kukaa wiki au miezi akiwa mzima, lakini dalili zikishaanza, kama kuogopa maji na kuweweseka, kupona ni nadra mno. Duniani hukadiriwa kufa watu 59,000 kila mwaka, na watoto ni wengi miongoni mwao.

Mtu aking'atwa au kukwaruzwa, osheni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Msipake majivu, mafuta wala dawa ya kienyeji. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na amalize dozi zote za chanjo. Mbwa akionekana mzima, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10, lakini msingoje matokeo yake ndipo mwende hospitali. Wafundisheni watoto wasifiche jeraha kwa kuogopa viboko, kwani kuficha huko ndiko kunakoua.

Ndugu msomaji, ukijibu ndiyo kwa maswali yote manne, fuga kwa nia njema na umlinde anayekulindia. Likishinda hata moja, endelea na dungu lako, shirikianeni zamu na majirani, mpaka utakapokuwa tayari. Wallahu a'alam.