Ukuta wa Wageni

Kuna ukuta mmoja hapa Tanzania ambao mchana ulipanda, usiku ukashuka, na kabla ya jogoo kuwika ukawa umepanda tena. Waliojenga mchana walikuwa wanafunzi wa shule moja ya bweni ya Marekani, wasichana kumi na tano waliokuja kujitolea kwenye kituo cha watoto yatima. Mmoja wao alikuwa mweusi, na bado kila walikopita aliitwa mzungu, jambo lililomkera sana. Dola 3,000 ziliwapa wiki moja ya yatima na maktaba ya kujenga, kisha wiki ya kuangalia tembo. Waliojenga usiku ni mafundi wetu. Jua likizama walibomoa yale matofali yaliyopinda, wakayapanga upya, na asubuhi mabinti wakaamka kana kwamba hakuna lililotokea.

Kisa hiki alikisimulia mwaka 2014 mmoja wa wasichana hao, Pippa Biddle, katika makala iliyozunguka dunia nzima mtandaoni. Huko kwao walibishana juu yake yeye: ana haki, hana haki, amewavunja moyo wenye nia njema. Mimi nilinasa kwenye zile sentensi mbili tatu zinazowataja wanaume wa usiku. Wanatokea, wanabomoa, wanajenga, wanatoweka. Hatuambiwi walilipwa nini, wala nani aliwashikia taa. Hatuambiwi pia kwa nini hawakusema.

Sikuwapata wao. Nilimpata mwenzao wa kazi.

Ni fundi mwashi wa makamo yaliyokwisha kuingia uzee, anaishi nje kidogo ya mji wa Iringa, na sehemu kubwa ya maisha yake ameijenga kanisani kwa maana halisi ya neno: nyumba za ibada, nyumba za wachungaji, madarasa, zahanati. Ameomba nisiandike jina lake wala la usharika. Wageni wanarudi Julai na hataki mtu aone haya. Tulisalimiana kwa kamwene, nikamwamkia shikamoo juu yake, na nilipomsimulia ukuta wa usiku hakushangaa hata kidogo. Aliweka mwiko chini akacheka.

"Walibomoa usiku kwa sababu asubuhi isingewezekana," alisema. "Mwanangu, saruji haina adabu ya kumsubiri mtu. Tofali lililowekwa mchana, jioni ileile ukilivuta linatoka zima. Unalikwangua, unalirudisha kazini. Ukiliacha lilale, kesho utachukua nyundo, na nyundo haichagui. Itavunja mota na itavunja tofali."

Basi ndiyo sababu ya usiku. Nilikuwa nimedhani ni siri tu, kumbe ni kemia.

Akanichukua kunionyesha ukuta anaouita wa wageni. Uko ndani ya ukumbi wa watoto wa Shule ya Jumapili, kati ya chumba kikubwa na stoo. Haubebi paa, haubebi lenta, haubebi chochote ila rangi ya samawati na alama za viganja vya mikono ya watu waliokwisha kurudi kwao. Amejifunza kuwapa wageni ukuta wa namna hiyo. Kona za nje na kuta za kenchi hazigusi mtu asiyemjua. Sehemu ya juu ya ukuta aliijenga yeye, ya chini waliijenga wao, na aliniambia nitafute mwenyewe mpaka uko wapi. Sikuuona. Akachukua msumari, akaukwaruza kwenye kiungo cha chini karibu na mlango, pale plasta ilipobanduka. Ulitoka unga. Akaukwaruza kozi chache juu yake. Msumari uliteleza ukalia.

"Umeona? Hawakuloweka."

Tofali la kuchoma lina kiu. Ukiliweka kavu juu ya mota, linanyonya yale maji ambayo saruji inayahitaji ili ishike, na saruji ikikosa maji mapema inabaki mchanga wenye rangi ya kijivu. Kwa macho ukuta ni mzima. Unaupaka rangi, unapiga picha, unaimba. Kwa hiyo fundi yeyote wa huku huanza siku kwa kuyazamisha matofali kwenye pipa au kuyamwagia maji mpaka yashibe. Wageni waliojenga ukuta ule walipoona pipa walimwita mkalimani. Walitaka kujua kwa nini maji yanapotezwa.

"Wameambiwa huko kwao Afrika hakuna maji," fundi alisema. "Binti mmoja alikaribia kulia. Nikaona ni dhambi mbele yake kuendelea kumwaga. Tukaacha. Matofali yakawekwa makavu siku nzima."

Na jioni?

"Jioni tuliyaloweka, isipokuwa hayo ya chini."

Makosa mengine aliyaeleza huku anatembeza kidole ukutani. Mota nene kupita kidole, kwa sababu mtu anataka ukuta upande haraka aone ameacha kitu. Kiungo juu ya kiungo, mstari mmoja toka chini mpaka juu, ilhali kiungo cha kozi ya juu sharti kikae katikati ya tofali la chini, la sivyo ufa ukianza haukutani na kizuizi. Na uzi! Uzi unafungwa kona hadi kona, umekazwa, ndio sheria ya kozi nzima. Mgeni anauegemea wakati wa picha. Uzi unasogea kidogo tu, naye anayefuata anajenga kwa kuufuata uzi, kwa uaminifu kabisa, na ukuta mzima unavimba tumbo. Mzee aliyasema haya bila dharau. Anawapenda wageni wake. Anakumbuka majina ya watoto wao, anajua nani amefiwa na nani amefunga ndoa. Yupo mmoja aliyemletea miwani ya kusomea ambayo ameivaa mpaka leo.

Nilimuuliza kwa nini basi hasemi. Mafundi wa Biddle pengine hawakujua lugha, lakini huku mkalimani yupo.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alijibu. "Mpe jembe. Hawakusema mpe timazi."

Alipoona nimeandika hiyo na nimeridhika nayo, akaongeza jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu mpole kiasi kile. Wageni wakirudi kwao husimama mbele ya usharika wao na kuonyesha picha. Miezi michache baadaye fedha za mabati hufika. Imekuwa hivyo kwenye majengo yote aliyoyakumbuka. "Mtu aliyejenga ukuta ataleta paa. Mtu uliyemwambia ukuta wake mbovu utampata wapi tena? Ule ukuta mwanangu ndio unaonunua mabati."

Kwa hiyo ukimya ule si haya, wala si ule ukarimu wetu tunaopenda kujisifia. Ni hesabu. Ameifanya fundi, ameifanya mchungaji, na nashuku hata baadhi ya viongozi wa wageni wenyewe wameifanya.

Hesabu hiyo imefanywa pia na watu wa vitabu. Mwishoni mwa Oktoba 1998 kimbunga Mitch kiliivunja Amerika ya Kati. Maelfu ya watu walikufa, Honduras ikiumia kuliko wote, na makanisa ya Amerika ya Kaskazini yakapeleka vikundi kusaidia kujenga nyumba. Kurt Ver Beek wa Chuo cha Calvin, Mkristo aliyeishi Honduras miaka mingi na wala si adui wa misheni, alizifuatilia nyumba zile na kuchapisha alichokiona mwaka 2006. Nyumba ya shirika la Kikristo la wenyeji iligharimu kama dola 2,000. Safari ya kikundi kimoja ilikula kama dola 30,000, nauli ikiwemo. Familia zilizojengewa na wageni na zile zilizojengewa na wenyeji hazikuonyesha tofauti ya kudumu, na wapo Wahondurasi waliomwambia waziwazi kwamba ingekuwa heri nauli zile zingejenga nyumba zaidi.

Nilimsomea fundi takwimu hizo nikitegemea atafurahi. Hakufurahi.

"Elfu thelathini hiyo, kama wasingesafiri, ingefika?"

Ni swali halali, nalo linawachoma wakosoaji wa safari hizi, mimi nikiwemo, kwa sababu tunazungumza kana kwamba nauli ni fedha iliyokuwa imelala mezani ikisubiri kugawiwa maskini. Haikuwa mezani. Ilichangwa kwa ajili ya mtoto wa jirani anayekwenda Afrika. Lakini Ver Beek alilifikia hata hilo: aliangalia michango ya waliosafiri baada ya kurudi. Wengi walisema safari imewabadilisha na sasa wanatoa zaidi. Kumbukumbu za michango hazikuonyesha badiliko la kiasi hicho. Nilipomwambia, fundi alisema labda wa Honduras ni tofauti na wa kwake, akaenda kuangalia pipa la maji.

Wageni wa kujenga si jambo jipya, na mzizi wake mmoja uko karibu na sisi kuliko tunavyodhani. Habitat for Humanity, shirika la Kikristo lililoifanya nyundo kuwa sehemu ya ibada kwa Wamarekani wengi, lilizinduliwa Marekani mwaka 1976, lakini mwanzilishi wake Millard Fuller na mkewe Linda walikwisha kulijaribu wazo hilo Mbandaka, Kongo, walikofika wakiwa wamisionari mwaka 1973. Kanuni yao ilikuwa kwamba mwenye nyumba hapewi bure: anarejesha gharama kidogo kidogo bila riba, na anatoa jasho lake kwenye ujenzi pamoja na wanaojitolea. Jasho la mwenyeji liliandikwa kwenye hesabu.

Katika eneo la fundi wangu jasho la mwenyeji limeandikwa pia, ila kwa namna yake. Alinionyesha daftari la makadirio, lile la mistari, lenye jalada lililolowa saruji. Matofali, mchanga tripu kadhaa, nondo, maji. Halafu, kwenye kila jengo lenye wageni, mstari mmoja wa ziada: *upotevu*. Humo mna mifuko ya saruji inayokwanguliwa jioni na kutupwa, mafuta ya jenereta, na ujira wa mafundi wawili wanaobaki baada ya chakula cha usiku wageni wakiwa wamekwenda kulala. Mweka hazina wa usharika anaupitisha mstari huo bila kuuliza. Hakuna anayetakiwa kuuliza.

Wasioandikwa popote ni saidia fundi. Ni vijana wawili, ndugu, mmoja ana mke na mtoto mchanga. Kazi yao ni kuchanganya mota, kusukuma toroli, kupandisha matofali, yaani kazi ileile ambayo mgeni asiye na ufundi anaweza kupewa. Wiki ya wageni inapofika, vijana wanabaki nyumbani. Hawafukuzwi. Wanaambiwa tu wapumzike kidogo, toroli ina watu.

Niliona ni vibaya kuondoka bila kumuuliza kama katika wote aliowapokea hakuwahi kufika mwashi wa kweli. Uso wake ulichangamka. Alifika mmoja, mstaafu, mikono mikubwa, hakuwa na maneno mengi. Siku ya kwanza aliweka matofali manne, akatazama kando, akaacha akaenda kuchota mchanga. Asubuhi ya pili aliamka kabla ya wenzake, akasimama mbele ya ukuta, akaingiza ukucha kwenye kiungo.

"Alijua," fundi alisema. "Ukucha ukiingia kwenye mota mbichi unajua ni ya saa ngapi. Aligeuka akaniangalia. Mimi nikaangalia chini. Usiku ule tukiwa tumeanza kubomoa tukamwona anakuja na taa kichwani. Hakuja na mkalimani. Alichukua mwiko."

Walifanya kazi hivyo mpaka wiki ikaisha, mchana kila mmoja na nafasi yake, usiku pamoja. Kama yule mstaafu aliwaambia wenzake walipofika kwao, fundi hajui. Mwaka uliofuata kundi lilirudi lenyewe likiwa na ari ileile, yeye hakuwemo. Mabati yalifika kama kawaida.

Nami nimebaki na swali ambalo fundi hakunisaidia kulijibu. Yule mstaafu angesema, je, ingekuwa wema? Kwa nani? Daktari wa upasuaji anayejitolea kwenye hospitali ya misheni hapewi mgonjwa wa mazoezi halafu wenyeji wakamshona upya usiku. Mtu asiye mwashi kwa nini tunampa mwiko, tena sisi wenyewe, kwa mikono miwili?

Nilimuuliza mzee angetaka nini kibadilike wageni wa Julai wakifika. Nilidhani atasema waloweke matofali. Alisema kila mgeni angeongeza kidogo kwenye mchango wake ili wale ndugu wawili walipwe wiki nzima, watoe jasho bega kwa bega na wageni, na wawafundishe kuchanganya mota. Amelipeleka wazo hilo kwa mchungaji. Mchungaji amelipokea vizuri, amesema litazungumzwa kwenye kamati ya ujenzi.

Kamati imeshakaa mara mbili tangu hapo. Mara zote mbili ajenda ilikuwa mapokezi: nani atapika, nani atakwenda uwanja wa ndege, na fulana zitakuwa za rangi gani.