Macho Mekundu Si Uchawi

Vijana wa Guta hupenda kutazama filamu. Si vibaya. Lakini tuwafundishe kutazama na kuuliza.

Katika filamu nyingi mchawi ni nani? Ni bibi kizee, maskini, mwenye macho mekundu. Kijana akiona hivyo mara nyingi, huamini. Kesho atamwogopa bibi wa jirani.

Imani hii imeua. Katika miaka ya 1990 na 2000 vikongwe wengi waliuawa mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Wako walioshukiwa kwa sababu ya macho mekundu tu.

Wekundu huo unatoka wapi? Bibi amepika kwa kuni miaka mingi. Amebanika samaki. Moshi huumiza macho. Pia upo ugonjwa wa vikope. Dawa yake iko zahanati, haiko kwa mpiga ramli.

Ndugu mzazi, filamu ikiisha muulize mwanao:

1. Nani ametunga hadithi hii? Anapata faida gani?
2. Kwa nini mchawi ni bibi kizee kila mara?
3. Je, bibi yako yuko hivyo?

Kisha mjengeeni bibi jiko lenye dohani. Mpelekeni zahanati. Huyo ndiye aliyewalea.