Mwiba, Kijiba na Mchongoma

Katika misitu yenye unyevu ya Mbulu na Hanang, kama vile msitu wa Nou na ile ya mlima Hanang, msomaji atakutana na kichaka chenye miba ambacho wataalamu wa mimea hukiita Dovyalis abyssinica. Wenyeji wa huko husema Kiiraqw, Kigorowa na Kidatooga, na mzee wa kijijini huvipambanua vichaka vyake vyema katika lugha ya nyumbani. Lakini asemapo Kiswahili, mara nyingi kichaka hiki, mtandamboo, na hata ule mmea wa ua ulioletwa kutoka kusini mwa Afrika, vyote huwa ni mchongoma.

Tukitaka kuipambanua mimea hii, hapana budi tuanze na neno mwiba lenyewe. Kiswahili huita mwiba kila kitu cha mmea kinachochoma. Sayansi hairidhiki na hilo. Mwiba wa Dovyalis hutoka katika kwapa la jani, mahali pachipukapo tawi. Nao kwa hakika ni tawi lililogeuka, lenye mti ndani yake. Ule wa mwaridi ni wa ganda la nje tu: usukume kwa kidole gumba, utabanduka. Napendekeza wa kwanza ubaki mwiba, na wa pili uitwe kijiba. Wako watakaosema kwamba kijiba ni mwiba mdogo tu, tena tumezoea kukisikia katika "kijiba cha roho". Ni kweli, lakini ni afadhali kulipunguzia maana neno lililo hai kuliko kubuni lisilojulikana na mtu.

Basi kichaka chetu hutambulikana hivi: mwiba ulionyooka kwapani mwa jani, majani yanayopishana tawini, na tunda la manjano lenye ukali. Mtandamboo nao una miba, ila majani yake hukabiliana mawili mawili, ukikatwa hutoa utomvu mweupe, na tunda lake likiiva huwa jeusi, tamu.

Hapo istilahi huwa jambo la uhai. Msunguti, ambao hupikwa sumu ya mishale katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, una majani yanayokabiliana, utomvu mweupe na tunda jeusi, sawa na mtandamboo. Miba ndiyo hauna. Kitabu cha shule kitakachoueleza mtandamboo kwa tunda lake tu kitakuwa kimemficha mtoto alama iliyo rahisi kupita zote. Mwiba na uandikwe kwanza.